Jamaa wa Matilda Aliwahi Kuunda Kidude cha Kuokoa Watoi Wenye Maji Kichwani

Kama umekulia Butula ama Malaba, pengine ushawahi ona mtoi ambaye kichwa chake kinazidi kufura kila wiki, na majirani washaanza kunong'ona eti mathe wake amerogwa. Sasa cheki, kuna msee mmoja unamjua kwa vitabu, na hii stori inamhusu sana.

Roald Dahl. Ndiyo, huyo wa Matilda. Alizaliwa Wales mwaka wa 1916, wazazi wakiwa watu wa Norway. Chenye hawakukuambia shule ni kwamba huyu buda aliishi huku kwetu. Mwaka wa 1938 kampuni ya Shell ilimtuma Dar es Salaam, akajifunza Kiswahili, na vita ilipolipuka 1939 akaendesha gari kutoka Dar mpaka Nairobi kujiunga na jeshi la anga la Uingereza. Kurusha ndege alifunzwa hapo hapo Nairobi. Septemba 1940 akaanguka na ndege kwenye jangwa la Afrika Kaskazini. Fuvu likapasuka, na akakaa wiki kadhaa bila kuona.

Vita iliisha, akaoa staa wa filamu Patricia Neal, wakapata watoi. Halafu Disemba 1960, New York, yaya alikuwa anavuka barabara akisukuma kigari cha Theo, mtoi wa miezi minne. Teksi ikakigonga kile kigari kikarushwa kwa basi. Theo aliponea chupuchupu, lakini maji yakaanza kujaa kichwani.

Iko hivi. Ubongo wa kila mtu hutengeneza maji kila siku, na hayo maji huingia kwa damu polepole. Njia ikiziba, yanarundikana. Mifupa ya kichwa cha mtoi bado haijashikana, kwa hivyo kichwa kinatanuka, macho yanaangalia chini, na ubongo unafinywa. Madaktari humwekea paipu yenye valvu ya kutoa hayo maji. Shida ni kwamba ya Theo iliziba mara kadhaa, na kila ikiziba mtoi anapoteza macho, anarudishwa tieta tena.

Mzazi mwingine angebaki kuomba tu. Dahl alirudi Uingereza akamsaka Stanley Wade, fundi aliyejua kuunda pampu ndogo sana za mafuta za ndege za kuchezea. Akamkutanisha na Kenneth Till, daktari wa upasuaji wa ubongo katika hospitali ya watoto ya Great Ormond Street. Mwandishi, fundi wa ndege za toi na daktari, meza moja! Till akaeleza kinachoziba ni nini, Wade akachonga chuma. Kufikia 1962 valvu ilikuwa tayari, na wote watatu walikubaliana hakuna atakayekula faida. Ilienda kusaidia watoto zaidi ya elfu mbili.

Theo mwenyewe hakuwahi kuwekewa. Alikuwa ashapata nafuu.

Na Novemba mwaka huo huo wa 1962, binti yao Olivia, miaka 7, akafa kwa sababu ya surua iliyopanda kwa ubongo. Miaka mingi baadaye Dahl aliandikia wazazi akiwasihi wachanje watoto wao.

Si eti alikuwa malaika. Alisema vitu vichafu kuhusu Wayahudi, mpaka familia yake ikaomba msamaha. Hiyo pia ni yake, siwezi kuificha. Aliaga Novemba 1990 akiwa na miaka 74.

Valvu yake ilishapitwa na zingine, lakini vita ya maji kichwani iko karibu na wewe kuliko New York. Ukivuka Malaba ukapita Tororo, unafika Mbale, kwenye hospitali ya watoto ya CURE. Huko upande wa Uganda, watoi wengi hujaa maji baada ya kuambukizwa ugonjwa wakiwa wachanga, si uchawi. Hapo ndipo daktari Benjamin Warf, miaka ya 2000, alianza kuingiza kamera ndogo kichwani, akitoboa njia mpya ya maji na kuchoma sehemu inayoyatengeneza, ndiyo wengine wasihitaji paipu kabisa. Kazi inaenda poa zaidi mtoi akiletwa mapema, na kliniki yoyote yenye futi ya fundi wa nguo inaweza kupima kichwa kama kinakua haraka kupita kiasi.