Mama wa Kinamasi cha Limberlost

Katika inchi ya Marekani, jimboni Indiana, kulikuwa na kinamasi kikubwa kilichoitwa Limberlost. Kinamasi ni pahali pa maji na matope, penye miti, matete na magugu mengi. Kinamasi hicho kilipita hekta 5,000. Ndani yake walikaa nyoka, vyura, kobe wa maji, bata wa pori na mbu wasiohesabika. Watu wengi waliogopa kuingia humo. Lakini mwanamke mmoja aliingia, akajifunza mambo yake yote, akayaandika katika vitabu. Jina lake ni Gene Stratton-Porter.

Gene alizaliwa tarehe 17 Agosti 1863, katika shamba moja la Indiana. Alikuwa kitinda mimba katika jamaa ya watoto 12. Baba yake alikuwa mkulima na mhubiri. Mama yake aliugua muda mrefu, kwa hiyo mtoto alishinda mashambani pamoja na baba na ndugu zake. Huko alipenda ndege kuliko michezo yote. Baba alipoona hivyo, alimpa ndege wote wa shamba awe mlinzi wao. Basi kila siku Gene alizunguka toka kiota hata kiota. Alikaribia polepole, bila kelele, hata ndege wakamzoea wasiruke.

Kisha huzuni iliingia nyumbani. Mwaka 1872 ndugu yake Leander, ambaye Gene alimpenda sana, alizama katika mto Wabash akafa. Mwaka 1875 mama yake naye alifariki. Gene alikuwa hajatimiza miaka 12. Katika siku hizo za uchungu, ndege na maua ya pori vilikuwa kitulizo chake.

Mwaka 1886 aliolewa na Charles Porter, mwuza dawa. Mwaka uliofuata walipata mtoto mmoja, binti. Mwaka 1888 walihamia mji mdogo wa Geneva. Mji huo ulikuwa karibu na kinamasi cha Limberlost.

Wakati ule magazeti yalikuwa na picha nyingi za ndege, lakini mara nyingi ndege wenyewe walikuwa wamekufa, wamejazwa majani makavu na kusimamishwa juu ya kijiti. Picha hizo hazikumpendeza Gene. Yeye alitaka watu wamwone ndege aliye hai, akilisha watoto wake. Basi alipopata mashini ya kupiga foto, alijifundisha kazi hiyo mwenyewe. Hakuwa na chumba cha kazi. Alisafisha foto zake katika chumba cha kuogea, akaziosha ndani ya sahani kubwa za mezani.

Siku moja wakata miti walimpa habari ya gogo kubwa lenye uwazi, ndani ya kinamasi. Mle tai mweusi alikuwa ametaga mayai. Gene alifunga safari pamoja na mume wake. Jua lilikuwa kali, matope yalishika miguu, mbu waliwauma, na nyoka wenye sumu walikuwa karibu. Tena mle ndani ya gogo mlinuka vibaya mno, maana tai hula mizoga. Gene hakurudi nyuma. Alienda mara nyingi, juma kwa juma, akapiga foto za kinda yule tangu udogo wake mpaka alipokuwa tayari kuruka.

Gene aliwachungua pia nondo, yaani vipepeo wa usiku. Aliona jinsi yai linavyotoa kiwavi, na kiwavi anavyokula majani, anavyonenepa na kujifunga ndani ya kifuko cha nyuzi. Kifuko hicho hukaa wakati wote wa baridi, na baadaye nondo hutoka. Nondo mmoja wa pale, aitwaye cecropia, ana mabawa ya sentimeta 15 hivi, toka ncha hata ncha. Lakini hana kinywa cha kulia. Huishi siku chache tu, akataga mayai, akafa. Gene alifuga nondo hao nyumbani mwake, akawapiga foto na kuzipaka foto hizo rangi kwa mkono.

Lakini watu wachache tu walinunua vitabu vya ndege na vya wadudu. Basi Gene alifikiri njia nyingine. Alitunga hadithi, akaweka kinamasi ndani yake. Mwaka 1904 alitoa kitabu Freckles. Ni hadithi ya kijana maskini, yatima, aliyelinda miti ya Limberlost. Mwaka 1909 alitoa kingine, A Girl of the Limberlost. Humo msichana Elnora anataka kusoma, lakini mama yake hampi pesa. Elnora anaingia kinamasini, anakamata nondo, anawauza, na kwa pesa hizo analipa masomo yake. Watoto wengi walisoma hadithi hizo. Wengine waliishi katika miji mikubwa na hawajapata kuona kinamasi. Sasa walianza kutafuta viwavi juu ya majani na kuuliza majina ya ndege.

Lakini wakati vitabu vilipoenea, kinamasi chenyewe kilikuwa kinakufa. Watu walikata miti mikubwa kwa kufanya mbau na vyombo vya nyumbani. Wengine walichimba petroli. Hata shamba la Bwana Porter lilikuwa na visima vya petroli. Wakulima nao walitaka udongo mweusi wa kinamasi kwa kupanda mahindi. Mashini kubwa zilichimba mifereji, maji yakaenda zake mtoni. Kabla ya mwaka 1913 kwisha, Limberlost ilikuwa imekauka karibu yote. Ndege walikimbia. Nondo walikosa majani yao. Gene alihama, akajenga nyumba nyingine kando ya ziwa Sylvan, upande wa kaskazini. Huko alipanda maelfu ya maua ya pori, mengi yao aliyatoa pahali palipokuwa panaharibiwa.

Mwaka 1917 aliwaomba wakubwa wa jimbo waache kukausha vinamasi vya upande ule. Aliandika kwamba miti na maji vikiondolewa, mvua na mito vitaharibika pia. Gene alifariki tarehe 6 Desemba 1924, mjini Los Angeles, motokari yake ilipogongana na tramu. Alikuwa na miaka 61.

Miaka ilipita, na watu wa Geneva waliona matokeo. Kinamasi hunywa maji ya mvua kama sifongo, kisha huyatoa polepole, yakiwa safi. Kinamasi kilipoondolewa, mvua kubwa iliendelea kufurika katika mashamba yale yale. Katika miaka ya 1990, watu waliomkumbuka Mama Gene na vitabu vyake walianza kazi mpya. Sehemu za mashamba zilinunuliwa, mifereji ikazibwa, maji yakaachwa yarudi. Leo mamia ya hekta yamekuwa kinamasi tena. Vyura wanalia, bata wanatua, na matete yameota.

Kinamasi kizima hakikurudi, na miti ile ya kale haipo tena. Lakini bila vitabu vya Mama Gene, watu wangesahau hata kilichopotea. Yeye hakumaliza masomo yake ya sekondari, lakini alitazama kwa bidii, akaandika alichoona. Mtoto anayetaka kujifunza afanye vile vile: atembee polepole, anyamaze, atazame vizuri kiumbe kidogo kilicho karibu naye, wala asikiharibu.