Stanley: jina la kuazima lililofika hadi Kongo

Maji ya milima ya Masisi huishia Lowa, mto unaopita Walikale na kuingia Lualaba. Mzungu aliyepita hapo mtoni, kati ya mwisho wa 1876 na mwanzo wa 1877, akishuka kuelekea Boyoma, alijulikana kama Mmarekani, Henry Morton Stanley. Hakuzaliwa Marekani, wala na jina hilo.

Alizaliwa Denbigh, Wales, mwaka 1841, nje ya ndoa, akabatizwa John Rowlands. Akiwa na miaka 6 aliachwa katika nyumba ya maskini ya St Asaph. Mwaka 1859 alifika New Orleans kwa meli, kisha akachukua jina la mfanyabiashara wa pamba, Henry Hope Stanley. Morton aliongeza baadaye. Alidai tajiri huyo alimfanya mwanawe, kisha akafa 1861. Kumbe alifariki 1878! Uongo wa mtoto aliyekataliwa na ukoo labda unasameheka. Bunduki zake kando ya Lualaba, hapana.

Kongo ilimpa jina jingine, Bula Matari, mvunja mawe, ambalo watu waliliita baadaye serikali ya kikoloni yenyewe. Alifariki London 1904. Kaburini Pirbright wamechonga Stanley na Bula Matari. Rowlands halimo.