Reynold B. Johnson

Reynold B. Johnson (16 Julai 1906 – 15 Septemba 1998) alikuwa mwalimu, mhandisi na mvumbuzi kutoka nchini Marekani. Anajulikana hasa kama baba wa diski ngumu, kwa kuwa aliongoza kikundi cha wahandisi wa kampuni ya IBM kilichotengeneza diski ya kwanza ya kompyuta iliyouzwa kibiashara, mwaka 1956. Kabla ya hapo alikuwa amebuni mashine ya kusahihisha mitihani ya kuchagua majibu.

Maisha ya awali

Johnson alizaliwa katika jimbo la Minnesota, katika familia yenye asili ya Uswidi. Husimuliwa kwamba alipokuwa kijana aliwachezea mzaha wavulana waliokuja kwa magari kuwatembelea dada zake: alichora kwa penseli kwenye plagi za injini zao. Alama ya penseli hupitisha umeme, hivyo cheche haikuruka mahali pake na gari likakataa kuwaka. Jambo hilo dogo lilikuja kumfaa baadaye.

Alisoma katika shule ya Minnehaha Academy, kisha akajiunga na Chuo Kikuu cha Minnesota, ambako alipata shahada ya uongozi wa elimu mwaka 1929. Baada ya masomo akawa mwalimu wa sayansi katika shule ya sekondari huko Michigan.

Mashine ya kusahihisha mitihani

Kama walimu wengi, Johnson alikabiliwa na marundo ya karatasi za kusahihisha. Akakumbuka kwamba alama ya penseli hupitisha umeme, akaanza kuunda mashine ambayo ingetambua jibu lililowekewa alama na kuonyesha jumla ya maksi kwenye mita. Ugumu ulikuwa kwamba wanafunzi hawaandiki kwa uzito mmoja. Alama nzito hupitisha umeme mwingi, na alama hafifu hupitisha kidogo. Johnson aliongeza ukinzani mkubwa katika kila njia ya umeme, na tofauti kati ya alama nzito na hafifu ikawa ndogo kiasi cha kutoathiri hesabu.

Kazi hiyo aliifanya wakati wa mdororo mkubwa wa uchumi. Ben Wood, profesa wa Chuo Kikuu cha Columbia, aliutetea uvumbuzi huo mbele ya IBM. Kampuni ilinunua haki zake na mwaka 1934 ikamwajiri Johnson kama mhandisi katika maabara yake ya Endicott, jimbo la New York. Mashine hiyo ilianza kuuzwa mwishoni mwa miaka ya 1930 kwa jina la IBM 805.

Nchini Tanzania, Baraza la Mitihani lilianza kusahihisha mtihani wa darasa la saba kwa mashine za aina hii mwaka 2012. Mashine za siku hizi hutambua alama kwa mwanga badala ya umeme, lakini wazo la mtahiniwa kuweka penseli mahali palipopangwa ni lilelile.

Uvumbuzi wa diski

Mwaka 1952 IBM ilimtuma Johnson kuanzisha maabara mpya mjini San Jose, California. Wakati huo habari za kompyuta zilihifadhiwa kwenye kadi zilizotobolewa na kwenye tepu. Ubaya wa tepu ni sawa na ule wa kaseti ya muziki: ili kufikia wimbo ulio katikati, ni lazima kuzungusha kaseti mpaka pale. Benki au kiwanda kilichotaka akaunti ya mteja mmoja kililazimika kusubiri.

Kikundi cha Johnson, ambacho ndani yake walikuwamo Louis Stevens, William Goddard na John Lynott, kilipima njia nyingi kabla ya kuchagua sahani bapa zinazozunguka, zilizopakwa rangi yenye sumaku. Tatizo kubwa lilikuwa kichwa cha kusomea. Kikigusa sahani kinaikwaruza, kikiwa mbali hakisomi. Walitumia hewa iliyoshindiliwa ili kukiinua kidogo tu juu ya sahani.

Mwaka 1956 IBM ilitangaza kompyuta iliyoitwa 305 RAMAC pamoja na diski yake, IBM 350. Diski hiyo ilikuwa na sahani 50 zenye upana wa inchi 24 kila moja, zilizozunguka mara 1,200 kwa dakika. Ilihifadhi herufi milioni 5, sawa na takriban megabaiti 3.75, ambazo leo hazizidi picha moja ya simu.

Kila mahali kwenye diski hiyo palikuwa na anwani ya tarakimu tano: mbili za sahani, mbili za njia na moja ya sekta. Kompyuta ilitaja anwani, na kichwa kikaenda moja kwa moja mahali hapo.

Maisha ya baadaye

Johnson alistaafu IBM mwaka 1971, akaendelea kubuni, ikiwemo teknolojia ya vitabu vya watoto vinavyotoa sauti. Alikuwa na hataza zaidi ya 90. Mwaka 1986 alipewa Nishani ya Taifa ya Teknolojia ya Marekani, na katika miaka ya 1990 chama cha wahandisi cha IEEE kilianzisha tuzo yenye jina lake kwa waliofanya makubwa katika uhifadhi wa data. Alifariki Palo Alto, California, akiwa na umri wa miaka 92.

Urithi: diski mpya katika bodi za zamani

Diski za leo bado hutumia anwani, na kila bodi kuu ya kompyuta (madabodi) huwa na kikomo cha urefu wa anwani inazoweza kutaja. Ndiyo sababu fundi wa Temeke au Kinondoni anayefunga diski mpya katika kompyuta ya mtumba anaweza kuikuta haionekani, au inaonekana kwa ukubwa pungufu.

Bodi nyingi za mwanzoni mwa miaka ya 1990 ziliishia kwenye megabaiti 528. Zilizofuata zilitumia anwani za biti 28, ambazo kwa sekta za baiti 512 hufika gigabaiti 137. Kiwango cha biti 48 kilikuja mwaka 2002. Jedwali la zamani la kugawa diski, liitwalo MBR, lina anwani za biti 32, hivyo huishia terabaiti 2.2. Jedwali jipya la GPT huvuka kikomo hicho, lakini Windows XP ya biti 32 hailisomi.

Hatari kubwa haiko kwenye diski isiyoonekana, bali kwenye ile inayoonekana kufanya kazi. Mfumo unaoishia biti 28 ukiandika mbali zaidi, anwani inaweza kukatwa, na data ikarudi kuandikwa mwanzoni mwa diski juu ya mafaili yaliyopo. Mwenye kompyuta hugundua mambo yamekwisha haribika.

Dawa zinazotumika ni kuweka toleo jipya la BIOS kama mtengenezaji wa bodi alilitoa, kuongeza kadi yenye kidhibiti chake cha diski, au kuwashia kompyuta kwa diski ndogo na kuiacha kubwa itunze mafaili tu, mradi mfumo wa uendeshaji unaielewa. Baadhi ya bodi za mwanzo za SATA hushindwa pia na kasi ya diski mpya. Kwa hiyo diski kadhaa zilitengenezwa na pini ambazo zikiunganishwa kwa jampa hushusha kasi hadi gigabiti 1.5 kwa sekunde.