Profesa Broglio: Mhandisi aliyerusha setilaiti ya Uhuru kutoka bahari ya Malindi

Mkulima wa Mpanda siku hizi anafungua simu kuangalia kama mvua itanyesha kabla hajaanika mpunga. Sehemu kubwa ya taarifa hiyo inatoka kwenye setilaiti. Wengi hatujui kwamba kuna setilaiti zilizorushwa hapa hapa Afrika Mashariki, tena kutoka baharini. Aliyelisimamia jambo hilo ni profesa wa uhandisi, Luigi Broglio.

Broglio alizaliwa Novemba 11, 1911 Mestre, karibu na Venice, Italia. Alisomea uhandisi Roma, akatumikia jeshi la anga, na baada ya Vita Kuu ya Pili akawa profesa wa uhandisi wa anga Chuo Kikuu cha Sapienza.

Mwaka 1961 alipeleka wazo lake kwa Waziri Mkuu Amintore Fanfani: Italia nayo iende angani. Nchi ilikuwa haina roketi ya kazi hiyo, hivyo mwaka 1962 ikaingia makubaliano na NASA. Wamarekani watoe roketi aina ya Scout, Waitaliano watengeneze setilaiti na kuirusha wenyewe.

Desemba 15, 1964, San Marco 1 iliruka kutoka Wallops, Marekani. Lakini Broglio alitaka ikweta.

Kwa nini Malindi?

Sababu ni rahisi. Dunia inazunguka, na kwenye ikweta kasi yake inafika kilomita 1,670 hivi kwa saa. Roketi ikielekezwa mashariki inaipata kasi hiyo bure, hivyo inabeba mzigo mkubwa zaidi. Halafu mashariki ya Malindi ni bahari tupu. Vipande vya roketi vikidondoka, havimwangukii mtu.

Basi majukwaa ya chuma yakasimamishwa baharini, eneo la Ngomeni. San Marco lilikuwa la kurushia roketi, Santa Rita la kuongozea kazi. Aprili 26, 1967, San Marco 2 ikaruka kutoka hapo.

Ndani yake kulikuwa na mizani aliyoibuni Broglio mwenyewe. Yaani setilaiti ilikuwa na gamba la nje na mwili wa ndani. Hewa nyembamba ya juu ikilisukuma gamba, mizani inapima msukumo, na wataalamu wanajua hewa ya huko ina uzito gani.

Jina la Kiswahili angani

Siku kubwa zaidi ilikuwa Desemba 12, 1970, Kenya ikitimiza miaka saba ya uhuru. Timu ya Broglio ilirusha setilaiti ya NASA ya kuchunguza mionzi ya eksirei kutoka kwenye nyota. Kwa heshima ya siku hiyo ikaitwa Uhuru. Iliorodhesha vyanzo 339 vya mionzi hiyo, na ikasaidia kuonyesha kwamba Cygnus X-1 huenda ni shimo jeusi.

Kwa jumla setilaiti 9 zilirushwa kutoka Ngomeni, na zote zilifika angani. Ya mwisho iliondoka Machi 25, 1988. Broglio alitaka kuendelea na Scout yenye nguvu zaidi, lakini mpango huo haukupata nafasi. Majukwaa yakabaki kimya.

Alifariki Januari 14, 2001, akiwa na miaka 89. Kituo cha Malindi sasa kinaitwa kwa jina lake na bado kinapokea mawimbi ya setilaiti.

Sisi tulibaki na nini?

Hilo ni swali la haki. Roketi zilikuwa za Marekani, wahandisi wa Italia, bahari ya Kenya. Ilichukua hadi mwaka 2018 Kenya kupata setilaiti yake ndogo ya kwanza, iliyotengenezwa na Chuo Kikuu cha Nairobi kwa msaada wa Sapienza, chuo kile kile cha Broglio.

Italia yenyewe tangu 2007 ina setilaiti za rada, COSMO-SkyMed. Hizo hutumia mawimbi ya maikrowevu yanayopenya mawingu, hivyo zinaona ardhi hata usiku na wakati wa mvua. Kwa mkoa kama Katavi, ambako masika mawingu hufunika mashamba, mbuga na Ziwa Rukwa, picha za namna hiyo zinaweza kuonyesha maji yamefika wapi. Kilichobaki ni vijana wetu kujifunza kuzisoma.