J.M. Kariuki: Mwana wa skwota aliyedai wakubwa watoe hesabu

Msafiri atokaye Kabazi, katika milima ya Subukia, akishuka kuelekea mjini Nakuru kupitia Bahati, hupita katikati ya mashamba madogo ya mahindi na viazi, na ng'ombe wa maziwa waliofungwa karibu na nyumba za wenyewe. Miongo kadhaa iliyopita ardhi hiyo yote ilikuwa ya walowezi, na Mwafrika aliyeonekana juu yake alikuwa kibarua au skwota. Ni katika upande huo wa Nakuru, mahali paitwapo Kabati-ini, ambapo Josiah Mwangi Kariuki alizaliwa mnamo Machi 21, 1929.

Wakenya walikuja kumjua kwa herufi mbili tu, JM. Alifahamika kama mfungwa wa vita vya Mau Mau, mwandishi, mbunge na tajiri aliyewatetea maskini. Hata hivyo, ukiyatazama maisha yake kwa makini, utaona kwamba kuna jambo moja lililomsumbua tangu utotoni hadi siku ya kuuawa kwake. Jambo hilo ni hili: mtu akipewa mamlaka juu ya wenzake, nani atamuuliza jinsi anavyoyatumia?

Swali hilo hakulisoma vitabuni. Alilikuta nyumbani. Sheria ya wafanyakazi wakaazi ya mwaka 1918 ilimtaka skwota amfanyie mlowezi kazi kwa siku zisizopungua 180 kila mwaka ili aruhusiwe kujenga kibanda, kulima kishamba na kulisha mifugo michache. Sheria iliyotungwa mwaka 1937 iliwapa walowezi, kupitia mabaraza yao ya wilaya, uwezo wa kuongeza siku hizo hadi 270 na kupunguza mifugo ya maskwota. Mwanamume alitembea na kipande shingoni, na mwajiri ndiye aliyeamua ataandika nini ndani yake. Mwajiri alikuwa mlalamikaji, shahidi na mara nyingi hakimu pia.

JM aliingia shuleni mwaka 1938 lakini akaacha kwa kukosa karo. Alifanya kazi katika shamba la mlowezi hadi mwaka 1946, alipobahatika kushinda dau katika mashindano ya farasi. Wengi wangalizitapanya fedha hizo. Yeye alirudi darasani, akiwa kijana mkubwa miongoni mwa watoto, na hatimaye akafika King's College Budo nchini Uganda mwaka 1950. Mapenzi yake kwa farasi na kamari hayakumtoka maishani, na wapinzani wake hawakuchoka kumkumbusha.

Aliporejea Kenya mnamo Oktoba 1952, Gavana Evelyn Baring alikuwa ametangaza hali ya hatari siku chache tu zilizotangulia. JM alifungua biashara ya hoteli mjini Nakuru, huku akifanya kazi ya siri ya kulisha viapo na kuchangisha fedha na mahitaji ya wapiganaji. Mwaka 1953 alikamatwa. Alikaa vizuizini miaka saba, akihamishwa kutoka kambi moja hadi nyingine, pasipo kufunguliwa shtaka mbele ya mahakama yoyote.

Ni kambini ambako tabia yake ilijitokeza wazi. Wakati ambapo wafungwa wengi waliona hakuna wa kuwasikiliza, JM alitafuta karatasi na kalamu. Aliandika barua za malalamiko kuhusu chakula, vipigo na kazi za kulazimishwa, zikapenyezwa nje kwa siri na kupelekwa kwa wakuu wa serikali ya kikoloni na kwa wabunge wa chama cha Leba kule Uingereza. Msingi wa hoja yake ulikuwa rahisi. Serikali ilikuwa na kanuni zake za kuendesha kambi. Basi na izifuate. Kwa barua hizo alichapwa viboko vikali, lakini hakuacha kuandika.

Ukweli wa malalamiko ya aina hiyo ulidhihirika kwa dunia nzima Machi 3, 1959, wafungwa 11 walipopigwa hadi kufa na askari katika kambi ya Hola, karibu na Mto Tana. Taarifa ya kwanza ya serikali ilidokeza kwamba walikufa baada ya kunywa maji. Uchunguzi wa maiti ulifichua uongo huo, na Bunge la Uingereza likalazimika kuujadili. Kambi zilianza kufungwa, na JM akaachiliwa mwaka 1960. Kumbukumbu zake za kizuizini zilichapishwa kwa Kiingereza mwaka 1963, zikiwa na dibaji ya msomi Margery Perham, na zingali miongoni mwa maandishi muhimu kuhusu kipindi hicho.

Uhuru ulimkuta JM karibu na kiti cha enzi. Alikuwa katibu binafsi wa Mzee Jomo Kenyatta, akawa mbunge aliyewakilisha watu wa Nyandarua, wilaya inayopakana na Subukia, na akashika wadhifa wa uongozi katika Huduma ya Vijana kwa Taifa, ambayo iliundwa mwaka 1964 kuwapa kazi na ujuzi vijana waliotoka vijijini na msituni wakiwa mikono mitupu. Kati ya mwaka 1969 na 1974 alikuwa waziri msaidizi.

Mtu wa nafasi hiyo angaliweza kunyamaza akala matunda ya uhuru. JM aliyala, tena si haba. Alinunua mashamba, akafuga farasi wa mashindano na kuishi maisha ya starehe. Wakosoaji wake walisema, si bila sababu, kwamba ni vigumu mtu mwenye shibe kuzungumzia njaa. Lakini tofauti na wenzake wengi, hakutaka utajiri wake wala wa mwingine yeyote uwe nje ya maswali. Alionya kwamba nchi inaelekea kuwa ya matajiri wachache wa kuhesabika na ombaomba kwa mamilioni. Aliuliza kwa nini waliopigania ardhi walikuwa wakilipishwa mikopo ya kuinunua, ilhali mashamba makubwa yalikuwa yakipita kutoka mikononi mwa mlowezi hadi mikononi mwa kigogo.

Wakati huo maadili ya utumishi wa umma yalikuwa yakilegea. Tume iliyoongozwa na Duncan Ndegwa ilipendekeza mwaka 1971 kwamba watumishi wa serikali waruhusiwe kumiliki biashara binafsi. Lengo lililotajwa lilikuwa kuwashirikisha Waafrika katika uchumi. Matokeo yake ni kwamba afisa aliyetoa leseni aliweza kuwa pia mwenye duka lililoihitaji, na mwananchi hakujua kama anazungumza na mtumishi wake au na mshindani wake. Katika mazingira hayo, mbunge aliyesimama hadharani kushutumu ufisadi na upendeleo alionekana mwiba.

Serikali haikumjibu kwa hoja. Ilimnyima leseni za kufanya mikutano, hata ile ya harambee ambako alikuwa maarufu kwa kuchangia shule na makanisa. Katika uchaguzi wa 1974 alizuiwa kufanya kampeni kama wengine. Wapiga kura wa Nyandarua Kaskazini walimrudisha Bungeni hata hivyo.

Miezi michache baadaye taharuki ilitanda Nairobi kufuatia milipuko ya mabomu, ukiwemo ule wa Machi 1, 1975 ulioua zaidi ya watu 20 katika kituo cha mabasi. Kesho yake, Machi 2, JM alionekana kwa mara ya mwisho akiondoka katika hoteli ya Hilton pamoja na Ben Gethi, aliyekuwa kamanda wa kikosi cha GSU. Zilikuwa zimebaki siku 19 atimize umri wa miaka 46.

Machi 3, miaka 16 kamili baada ya Hola, mchungaji wa Kimaasai aliuona mwili wa mwanamume aliyeuawa katika milima ya Ngong. Kuanzia hapo, kila ofisi iliyokuwa na wajibu ikawekwa kwenye mizani. Mwili ulifikishwa katika mochari ya City jijini Nairobi, ukakaa kama wa mtu asiyejulikana, ingawa marehemu alikuwa mmoja wa watu waliojulikana zaidi nchini. Familia ilipokuwa ikimtafuta, habari zilienezwa, na hata kuchapishwa gazetini, kwamba alikuwa nchini Zambia. Ni wake zake waliomtambua mnamo Machi 11. Kama ilivyokuwa Hola, taarifa ya kwanza haikuwa ya kweli, ila safari hii hakukuwa na mkoloni wa kulaumiwa.

Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi waliandamana. Umati ulifurika Gilgil, alikozikwa. Polisi, ambao kazi yao ni kuchunguza mauaji, walikuwa wenyewe wametajwa katika mazingira ya mauaji hayo. Ndipo Bunge likaamua kufanya kazi ambayo idara nyingine hazikuwa tayari kuifanya. Liliunda Kamati Teule chini ya uenyekiti wa Elijah Mwangale, likaipa jukumu la kutafuta ukweli.

Wajumbe wa kamati hiyo hawakuwa na askari wala maabara. Walikuwa na uwezo wa kuita mashahidi na kuuliza maswali. Waliwahoji maafisa waliokwepa kujibu, wakalinganisha maelezo yao, na mapema Juni 1975 wakawasilisha ripoti iliyosema kwamba polisi walikuwa wakificha ukweli, na iliyotaja watu waliostahili kuchunguzwa zaidi, Gethi akiwemo. Kumbukumbu za kipindi hicho zinaeleza kwamba majina mawili, la waziri Mbiyu Koinange na la mlinzi mmoja wa Rais, yaliondolewa kabla ripoti haijafika mezani.

Serikali ilijaribu kuizuia ripoti hiyo isikubaliwe. Ikashindwa kwa kura 62 dhidi ya 59. Kura tatu hizo zilikuwa na bei. Waziri Masinde Muliro na mawaziri wasaidizi John Keen na Peter Kibisu walipigia ripoti kura, wakapoteza kazi zao. Mark Mwithaga, mbunge wa Nakuru Mjini aliyekuwa mjumbe wa kamati, alijikuta gerezani. Oktoba mwaka huohuo, Martin Shikuku na naibu spika Jean-Marie Seroney walikamatwa katika majengo ya Bunge na kuzuiliwa bila kushtakiwa hadi Desemba 1978, baada ya kifo cha Mzee Kenyatta.

Tukio hilo ndilo linaloonyesha vyema zaidi maana ya maisha ya JM. Mwaka 1975 Kenya haikukosa sheria. Mauaji yalikuwa kosa, polisi walikuwa na amri zao za kazi, na Bunge lilikuwa na kanuni zake. Kilichotofautisha ofisi moja na nyingine ni kama walioketi ndani yake walikubali kuulizwa, na kuuliza, hata pale jibu lilipokuwa la hatari. Wabunge waliopiga kura ile walifanya kazi waliyolipwa kuifanya, nao wakaadhibiwa kama wakosaji. Waliokataa kujibu maswali yao hawakuhukumiwa na mahakama yoyote kwa mauaji hayo.

Tangu wakati huo nchi imejiwekea vyombo vingi vya uwajibikaji. Sheria ya maadili ya maafisa wa umma ilipitishwa mwaka 2003, ikiwataka watangaze mali zao. Mikataba ya utendakazi ilianza mwaka 2004 katika mashirika ya serikali, ili kila mkuu apimwe kwa alichoahidi na alichotimiza. Katiba ya mwaka 2010 ilitenga sura nzima, ya sita, kwa uongozi na uadilifu. Hata hivyo, mwaka 2015 Huduma ya Vijana kwa Taifa, taasisi ileile ambayo JM aliwahi kuwa miongoni mwa viongozi wake, iligonga vichwa vya habari kwa kashfa ya shilingi milioni 791, na mwaka 2018 ikarudi tena katika kashfa nyingine. Fomu zilikuwa zimejazwa na mikataba kutiwa saini. Kilichokosekana ni mtu wa kuuliza swali mapema, na mkubwa wa kulijibu.

Ripoti ya Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano iliyotolewa mwaka 2013 iliyarejelea mauaji ya JM pamoja na mengine ya kisiasa ambayo hayajapata haki.

Wajukuu wa maskwota wa Bahati, Subukia na Kabazi leo wana hatimiliki za vipande vya ardhi ambavyo babu zao walivitolea jasho kwa siku 270 za mwaka. Wana pia haki, kwa mujibu wa Katiba, ya kudai habari kutoka kwa chifu, kwa mkuu wa hospitali, kwa gavana na kwa waziri. JM alizaliwa miongoni mwa watu wasiokuwa na haki hiyo, akaishi akiidai. Kaburi lake liko Gilgil, ndani ya kaunti hiyohiyo ya Nakuru. Faili ya kuuawa kwake haijawahi kufungwa kwa hukumu.