Yohani Kinyala Lauwo: kijana wa Marangu aliyewaongoza wageni Mlima Kilimanjaro

Anayetaka kuliona jua likichomoza akiwa juu ya Mlima Hanang lazima atembee gizani. Hutafuta mwenyeji wa Katesh au Jorodom anayeijua njia, wanawasha tochi, na kabla ya mapambazuko wanakuwa wamekwisha kuuacha msitu nyuma yao. Kukikucha, mgeni anaiona Balangida inang'aa chini, mashamba ya Bassotu upande mwingine, na nyanda za juu za Mbulu kwa mbali. Anapiga picha. Akifika kwao anawasimulia ndugu zake kwamba aliupanda mlima wa mita 3,417. Yule aliyemtangulia gizani na kumwonyesha pa kukanyaga, mara nyingi hatajwi.

Leo tunamweleza mtu aliyefanya kazi hiyo hiyo katika mlima mkubwa kuliko yote Afrika, na ambaye jina lake lilikaa karibu miaka 100 kabla ya kutajwa mbele ya taifa. Ni mzee Yohani Kinyala Lauwo wa Marangu, mkoani Kilimanjaro.

Alikuwa Mchagga wa Marangu, na maisha yake yote aliishi huko huko, kwenye miteremko ya kusini mashariki ya Kilimanjaro. Kwa hesabu iliyokubaliwa baadaye alizaliwa karibu mwaka 1871. Wakati huo Uchagga ulikuwa na tawala nyingi ndogo, kila moja ikiwa na Mangi wake. Watu waliishi katika vihamba vyao vya migomba, na juu ya vihamba kulikuwa na msitu mnene. Vijana waliingia msituni kutafuta asali, kuwinda na kukata kuni. Waliifahamu mito, mabonde na njia za wanyama. Lakini juu zaidi, kwenye baridi kali na barafu nyeupe, watu wengi hawakuwa na shughuli ya kuwapeleka huko.

Wazungu nao walikuwa wakibishana juu ya barafu hiyo. Mwaka 1848 mmisionari Mjerumani, Johannes Rebmann, aliiona theluji ya Kilimanjaro na kuandika habari zake. Wataalamu wa Ulaya walimcheka. Walisema haiwezekani theluji ikae karibu na ikweta. Ilichukua miaka kadhaa na mashahidi wengine mpaka wakakubali. Baada ya hapo shauku ikawa moja: nani atafika juu?

Aliyedhamiria kuliko wengine alikuwa Hans Meyer, Mjerumani kutoka mji wa Leipzig, ambako familia yake ilimiliki kampuni ya kuchapisha vitabu. Alijaribu mwaka 1887 akashindwa na barafu. Mwaka 1888 alirudi tena, lakini pwani ilikuwa imewaka moto wa vita vya Abushiri dhidi ya Wajerumani. Alikamatwa, na aliachiwa baada ya kulipa fedha. Mwaka 1889 alikuja mara ya tatu, safari hii akiwa na Ludwig Purtscheller, mpanda milima hodari kutoka Austria. Walifika Marangu kwa Mangi Marealle na kuomba watu.

Hapo ndipo Kinyala anapoingia. Simulizi ya Marangu inasema alikuwa kijana wa miaka kama 18, mrefu, mwenye nguvu, na aliyeujua msitu. Inasemwa pia kwamba alikuwa amekwepa kazi ya lazima ya kutengeneza barabara, akakamatwa na kupelekwa kwa Mangi ili ahukumiwe. Siku hiyo wageni walikuwapo wakitaka mtu wa kuwaonyesha njia. Wazee wakamtazama yule kijana, wakaona anafaa. Badala ya adhabu akapewa kazi ya mlimani.

Safari ya Meyer ilikuwa na watu wengi kuliko wawili wanaotajwa vitabuni. Walikuwepo wanyapara, mpishi, mwongozaji na wapagazi tisa. Tena mpango mzima ulisimama juu ya mabega ya wapagazi hao. Katika safari zilizotangulia chakula kiliisha kabla ya kufika juu. Mwaka 1889 ziliwekwa kambi kwa ngazi: moja Marangu, nyingine juu ya msitu, na ya tatu kwenye mwinuko wa kama mita 4,300, mahali penye mawe na upepo. Kila baada ya siku chache wapagazi walipanda na chakula kibichi na kuni, kisha wakashuka tena. Bila kupanda na kushuka huko, hao wawili wasingeweza kukaa juu siku zaidi ya chache.

Katika kambi ile ya juu alibaki mtu mmoja, Mwini Amani, kijana kutoka Pangani. Yeye alikuwa mtu wa pwani, aliyezoea joto na minazi. Alikaa kwenye baridi hiyo zaidi ya wiki mbili, akipika na kulinda hema wakati wenzake wakijaribu barafu. Meyer alimtaja kwa heshima katika kitabu chake.

Tarehe 3 Oktoba 1889 Meyer na Purtscheller waliondoka kambini usiku wa manane, wakapanda barafu wakikata ngazi kwa shoka, na mchana wakafika kwenye ukingo wa shimo la volkano. Wakaona kilele chenyewe bado kiko mbele, nao wamechoka mno. Wakarudi. Tarehe 6 Oktoba walipanda tena wakafika. Meyer alisimika bendera ya Ujerumani na kukipa kilele jina la mfalme wake, Kaisari Wilhelm. Jina hilo lilidumu mpaka Uhuru. Usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961, Luteni Alexander Nyirenda alipandisha mwenge na bendera ya Tanganyika mlimani hapo, na kilele kikaitwa Uhuru.

Je, Kinyala alifika kileleni mwaka 1889? Wapo Marangu wanaosimulia kwamba alifika. Kitabu cha Meyer kinawataja watu wawili tu juu ya barafu ile, yeye na Purtscheller. Ila kabla ya kuifikia barafu kuna msitu, kuna vichaka, kuna nyika ya mawe, na huko kote mgeni hakuwa na ramani ya kumsaidia. Mwenyeji ndiye aliyekuwa ramani.

Baada ya hapo wageni waliendelea kuja. Meyer mwenyewe alirudi mwaka 1898. Baada ya vita kuu ya kwanza, utawala ukahama kutoka kwa Wajerumani kwenda kwa Waingereza, lakini kazi ya kuongoza wageni ikabaki mikononi mwa watu wa Marangu. Inasemwa Kinyala aliifanya kwa miaka mingi mpaka uzeeni, na vijana wengine wakajifunza kwa kumfuata yeye na wenzake. Hakukuwa na shule ya kazi hiyo. Ulianza kwa kubeba mzigo, ukapanda ukawa msaidizi, na ukiaminiwa ukawa kiongozi.

Kazi yenyewe si kuonyesha njia peke yake. Mpaka leo wageni wa njia ya Marangu hulala kambi ya Kibo, kwenye mwinuko wa kama mita 4,700, wanaamshwa kabla ya saa 6 usiku, na wanaanza kupanda gizani ili jua liwakute kwenye ukingo wa Gilman's Point, mita 5,685. Wengi hudhani usiku huchaguliwa kwa ajili ya uzuri wa macheo tu. Sababu zipo zaidi. Usiku changarawe za mlimani huwa zimeganda kwa baridi, mguu haurudi nyuma sana. Asubuhi anga huwa safi kabla mawingu hayajapanda kutoka msituni. Na anayefika mapema anabaki na mchana wa kushuka salama.

Juu huko hewa ni nyembamba. Pumzi moja inaleta oksijeni kama nusu tu ya ile ya pwani. Mtu huumwa kichwa, hutapika, hukosa usingizi. Akianza kuyumba kama mlevi, au kusema maneno yasiyoeleweka, au kukohoa mapovu, hiyo ni hatari ya kifo, na dawa ya kwanza ni kumshusha mara moja. Hapo ndipo kiongozi anapojulikana. Mgeni amelipa fedha nyingi, amebakiza saa moja afike kileleni, na hataki kusikia habari ya kurudi. Kiongozi mzuri anamrudisha. Watu wa mlimani humsifu kiongozi kwa idadi ya watu aliowarudisha nyumbani wazima, kisha ndipo wahesabu vilele.

Kinyala alizeeka katika kazi hiyo bila jina lake kufika mbali. Hifadhi ya Taifa ya Mlima Kilimanjaro ilianzishwa mwaka 1973 na kufunguliwa kwa wageni mwaka 1977. Jina la Hans Meyer lilikuwa katika vitabu vya shule. La Lauwo lilikuwa Marangu tu.

Mambo yalibadilika mwaka 1989, ilipotimia miaka 100 tangu kilele kifikiwe. Iliundwa kamati ya maadhimisho, na ndani yake likazuka swali: kama tunamkumbuka Meyer na Purtscheller, wako wapi Waafrika waliokuwa nao? Ulizeni wazee, tafuteni hata mjukuu. Katika kuuliza huko likatajwa jina la mzee mmoja aliyekuwa bado hai.

Walimkuta mzee sana. Majina ya Meyer na Purtscheller hakuyakumbuka. Alikumbuka safari ya mlimani na daktari wa Kizungu. Alikumbuka kwamba yeye mwenyewe alikwenda bila viatu. Alisema alipanda mlima ule mara tatu kabla ya vita kuu ya kwanza. Kamati ikapima maneno yake ikahitimisha kwamba alikuwa miongoni mwa watu wa Meyer. Ikiwa mwaka 1889 alikuwa na miaka 18, basi wakati huo alikuwa na miaka 118. Alitambuliwa rasmi, akajengewa nyumba huko Marangu kama shukrani. Leo katika lango la Marangu Waafrika waliokuwa katika safari ile nao wana kumbukumbu yao, pamoja na ile ya Meyer.

Alifariki tarehe 10 Mei 1996. Kwa hesabu ya kamati alikuwa na miaka karibu 125, umri ambao hakuna mtu duniani aliyethibitishwa kuufikia. Kwa sababu hiyo wapo waandishi waliotilia shaka. Wanasema huenda aliongoza safari nyingine ya Wajerumani iliyokuja miaka ya baadaye, na kwamba umri wake ulihesabiwa kutoka kwenye safari badala ya safari kuhesabiwa kutoka kwenye umri. Cheti cha kuzaliwa hakikuwepo. Orodha ya wapagazi ya mwaka 1889 haikumwekea kila mtu jina lake kamili. Meyer alikuwa na daftari, kalamu na kiwanda cha familia cha kuchapa vitabu. Kinyala alikuwa na kumbukumbu yake tu, na watu walikuja kumuuliza miaka 100 ilipokwisha kupita.

Ubishi huo haumwondolei heshima. Hakuna anayekana kwamba Kinyala Lauwo alikuwa kiongozi wa mlima tangu zama za Wajerumani, na kwamba alikwenda peku mahali ambapo wageni walikwenda na buti za chuma. Unachoonyesha ubishi huo ni gharama ya kuchelewa kuuliza. Kama mtu angekaa naye mwaka 1930 au hata 1950, akamuuliza ulipita wapi, na nani, mwaka gani wa njaa au wa nzige, leo tusingekuwa tunakisia.

Msikilizaji wa Hanang na Mbulu analijua jambo hili kwa uchungu wake. Tarehe 3 Desemba 2023 sehemu ya mlima wetu ilimeguka baada ya mvua kubwa. Tope, mawe na magogo vikashuka mpaka Katesh na vijiji vya jirani, na watu zaidi ya 80 wakapoteza maisha. Mlima si wa kupigia picha tu. Una makorongo yake, una chemchemi zake, una sehemu ambazo maji hupita na ambazo hayapiti. Anayezijua ni mchungaji wa Kibarbaig aliyelisha mifugo huko miaka 50, ni mama wa Kiiraqw aliyekuwa akipanda kutafuta kuni, ni mrina asali, ni kijana anayewapeleka wageni usiku.

Watu hao bado wapo, na simu unayosomea makala hii ina uwezo wa kurekodi sauti. Ukikaa na babu au bibi jioni, mwombe akutajie majina ya makorongo kuanzia juu mpaka chini, na mwaka ambao aliona maji makubwa. Mwulize pia ni nani aliwahi kuongoza wageni Mlima Hanang kabla ya hawa wa sasa. Ukiandika, weka jina lake kamili, kijiji chake na tarehe ya siku hiyo. Na wewe kijana unayeongoza wageni, weka daftari: siku gani, watu wangapi, njia ipi, hali ya mvua, na nani alikuwa amebeba mzigo. Mzee Kinyala hakuwa na daftari kama hilo.