Maalim Ahmad bin Majid na Kibao cha Nyota

  

Ndugu wanafunzi na wazazi, mwaka jana baadhi ya vijana wa darasa la juu walituomba madrasa inunue darubini ya kutazamia mwandamo wa mwezi na nyota. Ombi lilikuwa jema ila mfuko ulikuwa mtupu. Tukawaambia kwamba yupo mwanachuoni wa Kiislamu aliyezisoma nyota za pwani yetu hii bila ya darubini, kwa kibao cha mti tu, na kwamba tutawasomesha habari zake. Tulipomtaja jina, kijana mmoja akasema hataki kusoma habari za msaliti aliyewaleta Wareno. Basi makala haya tumeyaandika kwanza kwa ajili yake, na kwa ajili ya kila aliyewahi kuyasikia maneno hayo akayaamini.

Jina lake ni Shihabuddin Ahmad bin Majid bin Muhammad, katika ukoo wa As-Saadi, asili yao Najd. Alizaliwa katika karne ya 9 Hijria, yaani miaka ya 1400 Miladia, katika mji wa Julfar, jirani na Ras al-Khaimah ya leo katika Falme za Kiarabu. Babu yake alikuwa maalim wa chombo, na baba yake vilevile. Hapa msomaji asichanganyikiwe. Sisi tunamwita maalim anayefundisha Qur'an, lakini baharini maalim alikuwa ni yule ajuaye njia. Nahodha alisimamia chombo na mali, na maalim aliangalia dira, pepo na nyota. Roho za watu wote waliomo chomboni zilitegemea elimu yake.

Baba yake alitunga shairi refu la beti zaidi ya elfu moja juu ya Bahari ya Sham, bahari yenye miamba mingi na hatari. Kijana Ahmad alilisoma shairi hilo kwa heshima, kisha akaenda mwenyewe baharini na kuyapima yaliyomo, na alipokuta kosa alilisahihisha. Tunapenda wanafunzi waitazame adabu hiyo. Hakumdharau baba yake, wala hakuliacha kosa likae kwa kuwa ni la baba.

Mwaka 866 Hijria (1462) alikamilisha shairi lake kubwa la elimu ya bahari, liitwalo Hawiya, nalo lina beti zaidi ya elfu moja. Wengine watauliza kwa nini elimu ya hesabu na nyota iandikwe kwa mashairi. Jibu mnalo wenyewe, nyinyi mnaohifadhi hukumu za tajwid kwa beti za Tuhfatul Atfal. Usiku wa dhoruba maalim hawezi kuwasha taa akafungua kitabu. Lazima elimu iwe kifuani. Kiasi cha mwaka 895 Hijria (1490) akaandika kitabu chake mashuhuri cha nathari, Kitab al-Fawaid, chenye faida kumi na mbili. Humo ameeleza vituo 28 vya mwezi, pande 32 za dira zinazoitwa kwa macheo na machweo ya nyota, misimu ya pepo, na sifa za pwani mbalimbali. Aliandika pia juu ya kuutafuta mwelekeo wa Qibla. Kwa jumla kazi zake zinafika kama arobaini, nyingi zikiwa mashairi. Unyenyekevu haukuwa sifa yake kubwa, lazima tuseme. Aliwataja mabingwa watatu wa zamani, akajihesabu yeye kuwa ni wa nne, na hata hao watatu aliwakosoa kwamba waliandika zaidi kuliko walivyosafiri.

Sasa tuje kwenye chombo chake. Maalimu wa zama zile walipima kimo cha nyota kutoka kwenye upeo wa bahari kwa vibao vya mti vya ukubwa mbalimbali, na baadaye kwa kibao kimoja chenye uzi uliopitishwa katikati na kupigwa mafundo. Mpimaji hushika kibao mbele yake, uzi ukiwa umenyooka hadi usoni. Ukingo wa chini wa kibao huulinganisha na upeo, na ukingo wa juu na nyota. Kipimo chao kiliitwa kidole, kwa Kiarabu isbaa. Duara zima la mbingu waligawa vidole 224, hivyo kidole kimoja ni zaidi kidogo ya digrii moja na nusu.

Kaskazini ya mbali maalim aliipima nyota ya Al-Jah, ile ya ncha ya kaskazini, ambayo mabaharia wa kwetu waliliazima jina lake wakauita upande huo jaa. Lakini kadiri chombo kinavyoshuka kusini ndivyo Al-Jah inavyozama, na hapa Kilwa haionekani kabisa kwa sababu iko chini ya upeo. Mtu asiyejua angesema elimu imeishia hapo. Maalim Ahmad na wenzake walipokosa Al-Jah walipima nyota mbili jirani yake ziitwazo Al-Farqadan, na walipozidi kwenda kusini wakapima Banatu Naash, ambazo Wazungu huziita Dubu Mkubwa. Shairi lake la As-Sufaliyya linaeleza njia ya kutoka Bara Hindi hadi Sofala, ambayo leo iko Msumbiji, kwa kupitia pwani yetu. Sofala ndiyo bandari ya dhahabu iliyoitajirisha Kilwa. Kwa hiyo bahari ya babu zetu ilikuwa ndani ya elimu yake.

Ama hilo la usaliti, tulieleze kwa utulivu. Vasco da Gama aliondoka Malindi tarehe 24 Aprili 1498 akiwa na rubani aliyepewa na mfalme wa Malindi, na tarehe 20 Mei akatia nanga karibu na Calicut. Mmoja wa waliokuwemo safarini, aliyeandika habari za kila siku, hakumtaja Ibn Majid. Yeye alidhani rubani ni Mkristo. Mwanahistoria Mreno Barros, aliyeandika miaka mingi baadaye, alisema rubani alikuwa Mwislamu wa Gujarat, jina lake Malemo Cana. Hilo Malemo bila shaka ni neno letu maalim, nalo ni cheo. Barros anaeleza kwamba rubani huyo alipoonyeshwa asturlabu ya Wareno hakushangaa hata kidogo, akawaeleza kuwa kwao wanatumia chombo cha vibao vitatu.

Jina la Ibn Majid limetoka wapi basi? Limetoka kwa Qutbuddin An-Nahrawali, mwanachuoni wa Makka aliyefariki mwaka 1582. Yeye aliandika kiasi cha miaka sabini baada ya tukio kwamba Ibn Majid ndiye aliyewaonyesha Wareno njia, tena baada ya kuleweshwa. Mwanzoni mwa karne ya 20 mtaalamu Mfaransa Gabriel Ferrand akaziunganisha habari hizi mbili, ya maalim wa Malindi na ya An-Nahrawali, na kutoka hapo zikaingia katika vitabu vya shule. Watafiti wa baadaye, akiwemo Sheikh Sultan bin Muhammad al-Qasimi, mtawala wa Sharjah, wamezikataa. Ibn Majid alikuwa mtu wa Julfar, si wa Gujarat, na wakati huo alikwisha kuwa mzee.

Sisi watu wa Kilwa tuna haki ya kuumia. Mwaka 1502 da Gama huyohuyo alimlazimisha mtawala wetu kulipa kodi, na Julai 1505 Francisco de Almeida aliuteka mji, ukaporwa, na ngome ikajengwa Kisiwani. Wareno waliondoka mwaka 1512, lakini Kilwa haikurudi kuwa ile aliyoiona Ibn Battuta mwaka 1331. Hata hivyo uchungu wa msiba si ushahidi juu ya mtu. Suratul Hujurat imetuamrisha kuhakikisha habari kabla ya kuwadhuru watu kwa kutojua, na maiti naye ana heshima yake. Tumemwambia kijana wetu hivyo. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza kama kibao hicho kinaweza kutengenezwa.

Shairi la mwisho la Maalim Ahmad lenye tarehe ni la mwaka 906 Hijria (1500 hadi 1501), na haikupita miaka mingi akafariki, Allah amrehemu. Mwaka 1554 amirijeshi wa bahari wa Waturuki, Sidi Ali Reis, alitegemea maandishi yake katika kitabu chake Al-Muhit. Darubini ya kwanza ilikuja kujulikana huko Uholanzi mwaka 1608, karne nzima baada yake. Atakayejaaliwa kuipata asidanganywe na tarakimu kubwa za ukuzaji zilizoandikwa kwenye boksi. Darubini ndogo ya macho mawili iliyoandikwa 7x50 inatosha kuona mabonde ya mwezi, nyota za Kilimia na miezi minne ya Mushtari, mradi mikono iegemezwe penye kitu imara. Na kamwe isielekezwe kwenye jua, kwani jicho litapofuka mara moja.

Kibao kinatengenezeka, tena kwa gharama ya uzi tu. Tafuteni kipande cha ubao chenye kimo cha sentimita 7 kamili, tobosheni katikati, pitisheni uzi na pigeni fundo sentimita 57 kutoka kwenye ubao. Kwa urefu huo kila sentimita moja ya ubao ni sawa na digrii moja ya mbingu. Mwezi wa Juni, katika usiku usio na mawingu, baada ya swala ya Isha, kiasi cha saa tatu, simameni mahali ambapo upande wa kaskazini uko wazi na mwelekee Qibla. Qibla ya Kilwa ni kaskazini takriban kamili, kama mihrabu ya Msikiti Mkuu wa Kisiwani inavyoonyesha. Chini kabisa, juu ya Qibla, mtaziona Al-Farqadan, huku Banatu Naash zimeinama upande wa kushoto. Ile ya chini katika hizo mbili ndiyo ing'aayo zaidi, nayo ina wekundu kidogo. Wekeni fundo shavuni karibu na jicho, kibao kikae juu ya upeo, na nyota hiyo itagusa ukingo wake wa juu. Zama za Maalim Ahmad ilikuwa chini zaidi kwa karibu digrii mbili, kwani mbingu nazo huhama polepole.

Mwenye jamaa Lindi amwombe apime usiku huohuo. Huko kibao cha sentimita 7 kitaifunika nyota, na cha 6 ndicho kitakachoigusa.